Mwalimu, ondoa mkono kwenye kibodi

Mwaka wa kwanza shule yetu iliposhiriki mashindano ya wanafunzi kujenga tovuti, tovuti niliijenga mimi. Naliandika hili wazi kwa sababu najua walimu wenzangu wengi wako njiani kufanya vivyo hivyo. Tarehe ya mwisho imekaribia, umeme unakatika kila siku ya pili, watoto wanaandika mstari mmoja kwa dakika tano, na moyoni unajua ukikesha usiku mmoja kazi imekwisha. Nilikesha. Kurasa zikatoka safi, rangi zimepangika. Siku ya kuwasilisha, jaji akamwuliza binti wa kidato cha pili swali jepesi: "Nikitaka hiki kichwa cha habari kiwe cha kijani, nibadilishe wapi?" Binti akanitazama. Wenzake wanne nao wakanitazama. Nafasi tuliyoshika nimeshaisahau, ila yale macho bado ninayo.

Mwaka uliofuata nilijiwekea sharti moja: sigusi kibodi. Naweza kuuliza, naweza kuonyesha ubaoni, lakini herufi inayoingia kwenye faili iingizwe na mtoto. Yote ninayoyasema hapa chini yametoka kwenye mwaka huo.

Mada ndiyo iliyotula muda mrefu kuliko kuandika kurasa zenyewe, na ilistahili. Watoto walitaka kuandika juu ya "teknolojia na maendeleo". Mada ya namna hiyo ni mtego, maana mtandaoni imeshaandikwa mara elfu na mtoto atakopi tu. Nikawauliza: ni kitu gani kipo hapa kwetu ambacho mtu wa Dodoma hawezi kukijua bila kufunga safari? Sisi tuko mkoa wa Tanga. Ukitoka getini, kushoto mkonge, kulia mkonge. Mmoja akacheka, akaonyesha dirishani.

Vitabuni walipata mifupa ya habari. Mwaka 1893 Mjerumani Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, lakini iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62, miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, kisha nyuzi za plastiki zikaja kuivunja bei. Habari nzuri, ila shule yoyote ingeweza kuzipata. Nyama ilitoka kwa mzee mmoja aliyekata mkonge ujana wake wote. Walimkuta barazani, wakamwamkia, wakakaa chini. Akawaonyesha kovu la mwiba kwenye kiganja, akawaeleza kwamba ncha ya jani hukatwa mapema ili isimtoboe mfungaji. Akawaambia pia juu ya manamba, vibarua walioletwa kutoka mbali na kuandikwa kwa namba. "Kumbe manamba ni namba!" binti mmoja akashtuka. Amelisikia neno hilo tangu utotoni kama tusi, hajawahi kujua limetoka wapi. Jioni akaandika sentensi ambayo mimi nisingeweza kuitunga: "Babu alipoitwa kazini, hakuitwa jina."

Kabla ya kuwasha kompyuta walichora kila ukurasa kwenye karatasi ya manila. Kurasa tano, basi. Ukiwaruhusu kumi na tano, tisa zitabaki zimeandikwa "inakuja hivi karibuni", na jaji atazifungua hizo hizo.

Kisha wakaandika HTML, lugha ya kujengea kurasa za wavuti, kwa Notepad, programu ya maandishi ya Windows, herufi kwa herufi. Siku ya kwanza faili lao liligoma kufunguka kama ukurasa, kwa kuwa Windows ilikuwa inaficha mkia wa jina: walidhani wamehifadhi index.html, kumbe ni index.html.txt. Washa mapema ile sehemu ya kuonyesha mikia ya majina ya faili, utaokoa kipindi kizima.

Lakini kilichotutesa ni picha. Maabarani zinaonekana zote. Tukapandisha tovuti kwenye GitHub Pages, huduma ya bure ya kuweka tovuti mtandaoni, na kila penye picha pakawa kisanduku kitupu. Nilikijua chanzo ndani ya dakika moja, na hapo ndipo sharti langu liliponiunguza vidole. Nilinyamaza. Mchana wa kwanza wakabadilisha picha zenyewe. Mchana wa pili wakabadilisha intaneti, wakatumia simu yangu. Mwishowe kijana mmoja mkimya akaandika ubaoni majina mawili, moja chini ya jingine: Mkonge.JPG na mkonge.jpg. Kwa Windows hayo ni jina moja, kwa seva ile, yaani kompyuta ya mtandaoni inayotunza tovuti, ni majina mawili tofauti. Darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Tangu siku hiyo ukutani pana karatasi waliyoiandika wenyewe: herufi ndogo tupu, hakuna nafasi katikati, tumia kistari. Ningewaambia mimi, wangesahau kesho yake.

Picha hizo pia zipunguzeni uzito. Ya simu ina MB 4 au zaidi, na sita kwenye ukurasa mmoja zinamaliza bando la mzazi kabla hajasoma neno. Upana wa pikseli 1,000 unatosha kabisa, na uzito unashuka chini ya KB 200.

Halafu toka na tovuti nje ya shule. Sisi tuliipeleka kwa mama anayeuza chapati nje ya geti, simu yake ndogo, kioo kimepasuka. Akaikodolea macho, akauliza, "Wanangu, mbona maandishi kama sisimizi?" Walikuwa wamesahau ule mstari wa viewport juu ya faili, unaoiambia simu ilinganishe ukurasa na upana wa kioo chake. Kwenye skrini kubwa za maabara tusingeuona upungufu huo hata siku moja.

Nakala wekeni kwenye flashi mbili, zikae mikononi mwa watu wawili. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya shule, si ya mwalimu anayeweza kuhamishwa mwezi ujao. Na majina kamili ya wanafunzi msiyaweke, wala sura zao bila ruhusa ya wazazi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtoto ni wa kulindwa.

Kanuni hiyo ya majina niliwapa kwa mkazo, nao wakaifuata kwa kila mtu. Wiki moja kabla ya kuwasilisha walikwenda kumwonyesha yule mzee ukurasa wake. Akasoma polepole, kidole juu ya kioo, akafika mwisho, akarudi juu.

"Mmeandika 'mzee mmoja'. Mimi jina sina?"

Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Hata mimi sikufikiria. Binti akamwomba msamaha, akamwomba alitaje taratibu, akaliandika daftarini, akamsomea kuhakikisha. Kesho yake asubuhi alikuwa maabara kabla ya kengele, amefungua faili, analiandika mwenyewe, majina yote matatu.