Mbaazi za uani: zipande na mvua ya kwanza

Kipupwe kikiingia, watoto wa mtaa wetu hapa Naliendele, Mtwara, hawakai mbali na ua wangu. "Shikamoo mama, tunaomba mbaazi." Nawaruhusu kwa sharti moja tu: wachume maganda yaliyojaa, na matawi wasiyavunje. Wanakaa kivulini kwenye mkorosho, wanabanja na kutafuna mbichi, na wanaondoka midomo imewabadilika rangi.

Wengi wetu wa huku Kusini tumelelewa tukijua mbaazi ni zao la shambani, la kujaza magunia na kuuza. Hata mimi nilikuwa hivyo mpaka mwaka 2017, India ilipoweka mipaka ya mbaazi zinazoingia kutoka nje na bei huku kwetu ikaporomoka. Magunia ya mama mkwe wangu kule Masasi yalikosa mnunuzi. Alitugawia wanawe wote, tukala mbaazi mwaka mzima, na hapo ndipo nikaona ni ujinga kuwa na kiwanja kitupu nyuma ya nyumba nami naenda sokoni kila wiki kutafuta mboga.

Jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza ni wakati wa kupanda. Msimu wangu wa kwanza nilipanda mwezi Machi, kwa sababu nilisubiri fundi amalize uzio. Nilijiambia miezi ni ileile, nikichelewa kupanda nitachelewa kuvuna. Ilipofika Juni, mbaazi za jirani yangu zilikuwa zimempita kimo, zangu zinanifika kiunoni, na zote zikaanza kutoa maua karibu wakati mmoja! Nilivuna bakuli tatu, basi. Bwana shamba aliyepita mtaani ndiye aliyenieleza: hizi mbaazi ndefu zetu hazihesabu miezi tangu zipandwe, zinafuata urefu wa siku. Siku zikianza kufupika na ubaridi ukaingia, mmea unatoa maua, uwe mkubwa au mdogo. Ukipanda kwa kuchelewa, unazinyima muda wa kutanua matawi, na matawi ndiyo maganda.

Kwa hiyo mimi sasa mvua za mwisho wa Novemba au Desemba zikishalowesha udongo kina cha kiganja, siku hiyohiyo nashika jembe. Shimo la vidole viwili, mbegu tatu, na zikiota nabakiza miche miwili yenye nguvu. Kutoka shina hadi shina naacha hatua mbili kubwa. Utaona ni mbali mno wakati miche bado midogo. Usidanganyike, ikifika Mei utakuwa unapita kwa kuinama. Katikati ya mistari panda kunde au mahindi, maana mbaazi hukua polepole miezi miwili ya mwanzo. Ni miezi hiyohiyo ambayo magugu yakiachwa yanaimeza, basi palilia. Baada ya hapo kivuli chake kitakusaidia.

Mbolea? Udongo wetu ni mchanga na mimi sijawahi kununua mbolea kwa ajili ya mbaazi. Ukipalilia, ng'oa mche mmoja wa ziada taratibu uangalie mizizi. Utaona vifundo vidogo kama punje za ulezi. Kipasue kimoja kwa ukucha: ndani kikiwa chekundu au cha waridi, ujue bakteria waliomo wanafanya kazi ya kuvuta naitrojeni, chakula cha mmea, kutoka hewani. Mahindi ninayopanda mwaka unaofuata mahali zilipokuwa mbaazi huwa ya kijani kuliko yote.

Kinachoniuma mpaka leo ni mnyauko. Mwaka mmoja miti minne iliyojaa maua ilianza kukauka, majani yakiwa bado yananing'inia, na mvua ilikuwa haijaisha. Nikawa naimwagilia maji kila jioni nikidhani ni kiu. Mama mkwe alipokuja alichuna ganda la shina karibu na ardhi kwa kisu cha jikoni, akanionyesha mstari mweusi unaopanda juu kama wino. "Mwanangu, huu unaumwa, maji hayausaidii." Ni kuvu anayekaa kwenye udongo kwa miaka. Tuliing'oa yote tukaichoma moto, na pale mpaka sasa napanda muhogo. Mbegu inayostahimili ugonjwa huu ipo, mfano ile inayoitwa Mali. Ukiweza kufika kituo cha utafiti wa kilimo hapa Naliendele, waulize mbegu kabla hujachota zile za kuchanganyachanganya sokoni.

Wadudu watakuja na maua. Viwavi wanaotoboa maganda mimi nawaokota kwa mkono asubuhi, kuku wananisubiri chini. Wakizidi, natwanga majani ya mwarobaini, naloweka usiku kucha, nachuja, natia sabuni kidogo na kunyunyiza jioni nyuki wakishaondoka.

Za mboga zichume ganda likiwa limejaa lakini bado la kijani. Zichemshe ziive kwanza, tia kitunguu na tui jepesi, tui zito liwe la mwisho, na likishaingia usifunike sufuria. Koroga polepole lisikatike. Kwa ugali wa muhogo, mimi sitafuti kitoweo kingine.

Za kukausha ziache mtini mpaka ganda litikisike. Anika juani siku kadhaa, kisha usizitie kwenye mfuko wazi, kwa sababu fukusi hutoka nazo shambani na wakipata hewa watakuachia unga. Mimi natumia chupa za maji za plastiki, kavu kabisa, najaza hadi mdomoni na kukaza kifuniko. Wadudu waliomo wanakosa pumzi. Ukimaliza kuvuna, usiukate mti ardhini: punguza matawi usawa wa kiuno, ukuni peleka jikoni, na mvua zikirudi utachipua tena. Mimi naupa mwaka wa pili tu, halafu napanda mpya upande mwingine wa ua.