Kufunga mikanda ya miguu kwenye ubao wa zamani: shida haiko kwenye skrubu

Ubao wa kwanza niliojaribu kuufunga mikanda ya miguu, ile ya kupitishia miguu usiachane na ubao, niliuharibu kwa dakika ishirini. Ulikuwa ubao wa mawimbi wa zamani, povu ndani na faibaglasi nje, umeshageuka manjano kwa jua. Nilikuwa na skrubu nne, bisibisi na haraka. Nikatoboa gamba, nikakaza skrubu moja kwa moja ndani ya povu, nikavuta kwa mkono nikaona mkanda umeshika. Kesho yake, nikiwa navutwa na tiara, niliruka kiwimbi kidogo tu na mkanda wa mbele ukatoka mzima. Skrubu zote mbili zilikuja na mabonge ya povu, kama mizizi ya mche uliong'olewa. Yakabaki mashimo mawili wazi, na maji ya chumvi yakaanza kuingia nikiwa bado mbali na ufukwe.

Nimeshafunga mikanda kwenye mbao kadhaa tangu siku hiyo, na ninachokuomba ukishike ni hiki: povu la ubao haliwezi kushika skrubu. Kazi ya povu ni kuliweka gamba la juu mbali na gamba la chini, basi. Nguvu ya ubao iko kwenye magamba hayo mawili. Mguu unapouvuta mkanda, mzigo wake lazima usambae kwenye gamba la juu, sehemu pana, usiishie kwenye nyuzi za skrubu. Ukilielewa hilo, mengine yote yanafuata.

Jiulize kwanza kama unaihitaji. Mikanda ilianza kwenye mbao za kuteleza majini zenye tanga, huko Hawaii mwishoni mwa miaka ya 1970, ili mtu akiruka asiachane na ubao. Miaka ya mwanzo ya 1990 mpanda mawimbi Laird Hamilton na wenzake wakaitumia kwenye mawimbi makubwa ambayo mtu hawezi kuyawahi kwa kupiga kasia za mikono, wakivutwa na chombo chenye injini. Wote hao walikuwa wamesimama muda wote. Ikiwa wewe unalala kifudifudi na kupiga maji kwa mikono, mkanda wa mbele utakukaa chini ya tumbo au mbavu, na saa moja tu itakutosha kujuta. Mikanda ni ya anayevutwa: kwa tiara, kwa tanga, kwa boti. Kwa huyo, inabadilisha kila kitu.

Tuseme umeamua. Kabla ya kushika drili, ulaze ubao kwenye mwanga wa pembeni, wa asubuhi au wa jioni, na uinamishe macho yalingane na uso wake. Utaona mibonyeo. Ubao uliotumika miaka huwa na alama za visigino na nyayo, mabonde madogo yasiyoonekana ukiutazama kwa juu. Hiyo ndiyo ramani yako. Mimi huyapitia mabonde hayo kwa kiganja nimefumba macho, kisha nayazungushia penseli. Mguu wa nyuma kwa kawaida uko juu ya mapezi au mbele yake kidogo, na wa mbele uko upana wa mabega kutoka hapo. Kwangu ni kama sentimita 50 kutoka katikati ya mkanda hadi katikati ya mkanda. Kama ubao uliununua kwa mtu, alama ni za miguu yake, kwa hiyo simama juu yake kwenye mchanga laini na uhakikishe.

Lakini papo hapo penye mibonyeo ndipo povu limeshapondeka, na ndipo gamba linapoanza kuachana nalo. Bonyeza kwa dole gumba. Likizama na kurudi kama kifuniko cha kopo, gamba limeachana na povu, na hapo hufungi mkanda wowote mpaka palipoachana pamefunguliwa, pakajazwa na kufunikwa upya. Ukigonga kwa ukucha utasikia pia: pazima panalia kwa sauti kavu, palipoachana panalia butu. Ikiwa sehemu iliyoachana ni kubwa kuliko kiganja, mimi ubao huo nauacha utumike bila mikanda.

Halafu maji. Ubao wa zamani mara nyingi umekunywa maji bila mwenyewe kujua. Njia ninayoiamini ni ya kizamani: weka mdomo kwenye ufa au tundu unalolitilia shaka, nyonya, na usikilize ulimi. Ukionja chumvi, ubao una maji. Fungua ufa, ulaze ubao kivulini ufa ukiangalia chini, na uupime uzito kila baada ya siku chache mpaka uzito uache kushuka. Usiuweke juani ili ukauke haraka. Hewa iliyofungiwa ndani ikipata joto hutanuka na kulisukuma gamba litengane na povu, na utakuwa umejiongezea kazi ya wiki mbili.

Jambo la mwisho kabla ya kukata ni kujua povu la aina gani. Ukikwangua palipovunjika ukapata vumbi laini la manjano, hiyo ni poliuretani. Ukiona vipunje vyeupe vya mviringo, kama vya maboksi ya kufungia vitu vinavyovunjika, hiyo ni polistirini, na hapo usithubutu kutumia resini ya poliesta, ile gundi ya maji inayoganda: itaila povu mbele ya macho yako na kukuachia pango. Asetoni nayo ni hivyo hivyo. Epoksi, resini ya aina nyingine, inakubali povu za aina zote mbili, na inashika vizuri hata juu ya gamba la zamani la poliesta, kwa hiyo mimi situmii kingine.

Sasa kazi yenyewe. Utahitaji vitako vya plastiki vyenye tundu la skrubu, vya kuzamishwa ndani ya ubao, viwili kwa kila mkanda. Nafasi kati yao inategemea mguu wako pamoja na kiatu kama unakivaa. Kwangu ni sentimita 16. Viweke pande mbili za mguu, wala kisiangukie kimoja juu ya uti wa mbao uliopita katikati ya ubao. Ukiukata uti huo umeuvunja mgongo wa ubao. Bora kuusogeza mkanda kidogo.

Kwangua nta yote, pafute, kisha piga msasa namba 80 mpaka mng'ao uishe, eneo lizidi kitako kwa sentimita sita kila upande. Kata tundu kubwa kuliko kitako, nafasi ya milimita tano hivi kukizunguka. Funga utepe kwenye biti ya drili kuonyesha kina, maana mkiani ubao ni mwembamba na gamba la chini liko karibu kuliko unavyodhani. Ukishafika kina, kwangua povu kidogo chini ya ukingo wa gamba, ili resini ikiganda iwe na kichwa kipana kilichokwama chini ya gamba. Mkwanguo huo mdogo usiuache hata ukichoka.

Changanya epoksi kwa vipimo vya kwenye chupa bila kukadiria kwa macho, kisha iongezee unga wa kuifanya nzito mpaka isimame kama siagi. Usichanganye nyingi kwa mara moja: epoksi ikijaa kikombeni hupata joto, na tundu lililojazwa lote kwa mkupuo mmoja linaweza kuyeyusha povu la polistirini. Mimi hujaza nusu, nasubiri ipoe, kisha namalizia pamoja na kitako.

Kuna hila iliyoniokoa sana. Kabla ya kuvizamisha, vifunge vitako viwili kwenye kipande cha ubao mnyoofu kwa skrubu zilezile za mkanda, nafasi kamili, upande wa chini umefunikwa kwa utepe wa plastiki usigande. Vinazama pamoja, vinasimama wima, na nafasi haisogei resini ikiganda. Mara ya kwanza nilivizamisha kimoja kimoja. Kimoja kikainama nyuzi chache tu, na mkanda haukuingia.

Ikishaganda, oshea maji ule utelezi unaobaki juu ya epoksi, piga msasa, ziba matundu kwa nta, kisha laza kwa epoksi vipande viwili vya kitambaa cha faibaglasi juu ya kila kitako, cha pili kikizidi cha kwanza kwa sentimita tatu pande zote. Hivyo ndivyo mzigo unavyoingia kwenye gamba. Kikiganda, yafungue tena matundu ya skrubu. Vaa glavu, na barakoa ya vumbi kila unapopiga msasa, maana vumbi la faibaglasi likikuingia halina huruma.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Pima urefu: unene wa mkanda, bamba lake, na kina cha tundu, bila kuzidi. Skrubu ndefu hupasua kitako kwa chini, na hutajua mpaka maji yaingie. Bamba liwe na meno, mkanda usizunguke.

Na mkanda usiwe mpana kupita kiasi. Vidole vitokeze upande wa pili, mguu uishie hapo. Mguu unaoingia mpaka kifundo hautoki ukianguka, na ubao ukigeuzwa na wimbi kifundo ndicho kinachovunjika. Jaribu nchi kavu: jiangushe kwenye mchanga mara kumi, kila upande. Mguu ukikwama hata mara moja, kaza mkanda ili usizame sana.

Ubao wangu wa sasa una msimu wa nne na mikanda hiyo. Baada ya siku ya kwanza majini nilifungua skrubu zote nne na kuingiza kijiti chenye pamba katika kila tundu. Mpaka leo hufanya hivyo kila mwezi. Pamba ikitoka kavu, napaka nta kidogo kwenye nyuzi, nakaza, narudi majini.