Maswali ya Wasomaji: Chaneli ya Bure Inapoanza Kulipisha

SWALI: Nina chaneli ya YouTube ya mafunzo ya kutengeneza vifaa vya umeme. Nina wafuatiliaji 10,000 na video zaidi ya 200, zote bure. Nataka kuanza kutoza ada ya mwezi. Mwenzangu ananishauri nizifunge zote za zamani, anayezitaka alipe. Nianzie wapi?

JIBU: Mwenzako anakupoteza. Hizo video za zamani ndizo zinazokuletea watu wapya. Mtu anatafuta jinsi ya kubadilisha kapasita, anaikuta video uliyoiweka miaka miwili iliyopita, anaona unaeleweka, anabaki. Ukizifunga unakata mapato ya matangazo, unawafungia nje wageni, na aliyezoea kuzitazama bure anajiona amenyang'anywa.

YouTube wenyewe waliwahi kujaribu ukuta wa namna hiyo. Mei 2013 walianza majaribio ya chaneli za kulipia, bei ikianzia dola 0.99 kwa mwezi, na siku 14 za kuonja bure. Mpango ule haukushika, baadaye ukafungwa. Oktoba 2015 wakaja na YouTube Red kwa dola 9.99, safari hii kwa hesabu tofauti: video zinabaki bure kwa wote, ila anayelipa anaondolewa matangazo, anaweza kupakua, na anasikiliza hata skrini ikiwa imezimwa. Hiyo ndiyo iliyodumu, na tangu 2018 inaitwa YouTube Premium. Mwaka huohuo uanachama wa chaneli, yaani mtazamaji kumlipa mwenye chaneli ada ya mwezi kwa vitu vya ziada, ukapanuliwa kwa wenye chaneli wengi zaidi. Nawe fuata mkondo huo: acha vya jana vilivyo, toza ada kwa kitu ambacho jana hakikuwepo.

Masharti ya kufungua uanachama kwanza. Katika nchi ambako mpango wa mapato wa YouTube upo, unahitaji wafuatiliaji 500, video 3 za wazi ndani ya siku 90, na ama saa 3,000 za kutazamwa katika miezi 12, ama Shorts (zile video fupi za YouTube) zilizotazamwa mara milioni 3 ndani ya siku 90. Uwe na umri wa miaka 18 au zaidi, na chaneli isiwe imewekwa kama ya watoto. Hilo la mwisho huwakwamisha wengi: waliweka alama ya watoto zamani bila kufikiri, sasa wanatafuta kitufe cha kujiunga hawakioni.

Ukishakubaliwa, ingia YouTube Studio, fungua sehemu ya mapato, chagua uanachama, kubali masharti yake, kisha panga ngazi na bei. Ngazi mbili zinatosha kuanzia. Ya chini iwe ya anayetaka kukuunga mkono tu: beji kando ya jina lake, na video kuziona siku tatu kabla ya wengine. Hii ya kutangulizwa tunaipenda kuliko zote, kwa sababu video hatimaye inafika kwa watu wote na huna kazi ya ziada. Ngazi ya juu ibebe kitu kizito, kwa mfano somo moja refu kwa mwezi pamoja na michoro ya saketi.

Sasa pesa. YouTube humpa mwenye chaneli asilimia 70 baada ya kodi na tozo za duka la programu za iPhone. Tuseme mtu mmoja katika kila mia amejiunga: kwa wafuatiliaji wako hao ni 100. Kwa dola 4.99 kila mmoja zinaingia dola 499, na sehemu yako haizidi dola 349.30. Panga maisha kwa namba hiyo, si kwa 10,000.

Kinachowaangusha wengi ni ahadi. Ukiahidi dakika 15 za mazungumzo na kila mwanachama kila mwezi, watu 100 wanakula saa 25, na muda wa kurekodi umekwisha. Ahidi kitu ambacho kazi yake haiongezeki wanachama wakiongezeka. Tena usifungue mlango rafu ikiwa tupu: rekodi masomo manne ya wanachama kwanza, uyaweke, ndipo utangaze. Mtu akilipa na kukuta maneno ya "yanakuja", mwezi wa pili humwoni.

SWALI: Nalipia YouTube Premium, lakini chaneli ninayoipenda bado inaniambia nilipe ndipo nione video fulani. Nimeibiwa?

JIBU: Hapana, hayo ni malipo mawili tofauti. Premium unawalipa YouTube ili uondolewe matangazo yao. Mwenye chaneli hupata mgawo kulingana na wanachama wa Premium wanavyotazama video zake. Uanachama wa chaneli unamlipa yeye, na ndio unaofungua video za wanachama. Premium pia haiondoi tangazo ambalo mwenye chaneli amelisoma mwenyewe ndani ya video. Hilo liruke kwa kidole.

SWALI: Kwa nini huduma ileile ina bei kubwa nikijiunga kupitia programu ya iPhone?

JIBU: Kwa sababu ya mgawo wa Apple, ambao kwa kawaida ni asilimia 30 ya ada katika mwaka wa kwanza wa usajili, kisha 15. Baadhi ya kampuni huupakia kwenye bei: YouTube Red ilipoanza ilikuwa dola 9.99 kwenye tovuti na 12.99 ndani ya iPhone. Jiunge kupitia kivinjari, kisha ingia kwenye programu kwa akaunti ileile.

SWALI: Tuna tovuti yetu ya video na tumeanzisha malipo ya mwezi kwa kadi. Waliolipa wanafungiwa, wengine wanakatwa mara mbili, na video za kulipia zinasambazwa ovyo.

JIBU: La kwanza karibu kila mara linatokana na ukurasa wa "asante". Mfumo unamfungulia mtu pale tu kivinjari chake kinaporudi kwenye ukurasa huo. Mtandao ukikatika hapo katikati, pesa zimekwenda na mlango haukufunguka. Tegemeeni taarifa ambayo kampuni ya malipo inaituma moja kwa moja kwenye seva yenu. Ikaguliwe sahihi yake ya kidijitali, yaani msimbo unaothibitisha nani ameituma, maana mtu anaweza kuighushi, na ihifadhiwe namba yake, maana taarifa moja huweza kuletwa mara mbili.

Kukatwa mara mbili ni kidole kilichobonyeza mara mbili. Kizimeni kitufe baada ya mbonyezo wa kwanza, na kila ombi la malipo libebe namba ya pekee ili likirudiwa litambulike kuwa ni lilelile.

Kuna waliofungiwa kwa sababu nyingine: kadi imekwisha muda, au salio halikutosha siku ya kulipa. Hawa hawakuamua kuondoka, kwa hiyo msiwatoe siku hiyohiyo. Wapeni siku 7, jaribuni tena siku ya 1, 3, 5 na 7, kila mara mkiwatumia kiungo cha kubadilisha kadi. Benki ikijibu kwamba kadi imeibiwa au akaunti imefungwa, acheni kujaribu. Angalieni pia aliyejiunga tarehe 31: Februari akatwe siku ya mwisho ya mwezi, na Machi arudi tarehe 31. Mifumo mingine humwacha kwenye 28 moja kwa moja.

Kuhusu video kuvuja, tunadhani mmefunga ukurasa mkasahau mafaili. Video hutumwa kwa vipande vya sekunde chache, pamoja na faili la orodha ya vipande hivyo. Mwanachama anafungua zana za msanidi kwenye kivinjari, ananakili anwani ya orodha, anaituma kwenye kundi, na wote wanatazama bila kuingia. Anwani ziwe na sahihi ya namna hiyo, inayotolewa na seva yenu, na muda wa kuisha, kwa orodha na kwa vipande vyenyewe. Wengi huitia sahihi orodha tu. Jipimeni hivi: nakili anwani ya kipande kimoja, ifungue kwenye kivinjari ambacho hakijaingia akaunti. Jibu liwe 403, yaani seva imekataa. Muda usiwe mfupi mno, la sivyo aliyesimamisha video akale atarudi aikute imeganda. Kicheza video kijue kuomba anwani mpya. Anayerekodi skrini hamtamzuia kwa njia hizi, msimalizie bajeti hapo.

SWALI: Nikisitisha katikati ya mwezi, napoteza siku zilizobaki?

JIBU: Kwa huduma nyingi unaendelea kutazama hadi mwisho wa muda uliolipia. Kufuta programu kwenye simu si kusitisha, utaendelea kukatwa. Sitisha palepale ulipojiunga, kwenye duka la programu au kwenye tovuti, na utunze barua pepe ya uthibitisho.