Karatasi Haikuwa na Kosa

Jamani madogo wa maabara, leo nimemkuta mmoja wenu anatupa karatasi ya kuchujia, zile tunazochoma polepole katikati ya vioo viwili huku tunapitisha oksijeni, eti "moto umekula vibaya, mwalimu." Nimecheka halafu roho ikaniuma, maana kosa hilo nilishalifanya mimi hapahapa Tabora.

1. Kagua pembeni kama vioo vinavuja. Basi.

2. Hewa itokee mbele ya moto, siyo nyuma.

3. Moto ukitoa vidole USIGUSE VALVU, ile koki ya hewa. Hili ndo langu. Ilikuwa Desemba, mvua imekolea, nimebana karatasi katikati ya vioo viwili, nikapunguza oksijeni, mara moto badala ya kutembea kama mstari ukaanza kujigawa, vidole vyeusi vinatambaa, ncha inapasuka vinakuwa viwili, katikati karatasi imebaki nyeupe pee. Nikasema unyevu huo. Nikaanika juani, nikapasha, nikabadilisha boksi zima, vidole vilevile! Nikafungulia hewa, mstari ukanyooka, nikashangilia kama nimefunga goli na ripoti nikaandika "tatizo limetatuliwa". Karatasi zenye vidole, kazi ya wiki mbili, nikawashia jiko la mkaa nikapikia maharage.

Kilipona kipande kimoja tu, nilikifanya alama ya kitabu. Mjomba wangu anachoma mkaa huko Sikonge, siku kaja nyumbani akakiona, akakigeuzageuza, akasema, "Huu moto mliubana pumzi." Hajui hata valvu ni nini! Kumbe watafiti Zik, Olami na Moses walishachapisha jambo hilohilo 1998: ncha iliyotangulia inawahi oksijeni, jirani anakufa njaa. Ukizidi kubana vidole vinakaa mbalimbali, mwishowe hata ncha hazipasuki tena. Nafasi kati ya vidole inaamuliwa na hewa, upana wa kidole ni habari ya joto. Na mimi vyote hivyo nilishavila na maharage.

4. Pimeni nafasi ya vioo, andikeni. Ikiwa pana, hewa ya moto inapanda juu na mchoro unavurugika. Juzi kuna watu walitegemeza kioo kwa sarafu, huku ya mia, huku ya mia mbili, halafu wanashangaa vidole vinapenda upande mmoja. Sitaji mtu.

Ile karatasi ya leo nimeiokota kwenye ndoo, iko droo ya juu. Aliyeitupa aje na daftari anitajie hewa ilikuwa ngapi.