Shangazi, Je, Nifiche Maoni Yangu ili Nipatane na Kaka Yangu?

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, ninaishi Kanada, na kaka yangu mkubwa anaishi Marekani, ambako alikula kiapo cha uraia miaka miwili iliyopita. Kwa muda mrefu tumekuwa tukitazama hoki ya barafu pamoja kila Jumamosi usiku kwa njia ya simu, yeye akiwa ameshavaa sare yake ya ulinzi, maana huondoka kwenda zamu kipindi cha kwanza kikiisha. Tarehe 15 Februari 2025, Kanada ilipocheza na Marekani mjini Montreal katika mashindano ya mataifa manne, mashabiki waliuzomea wimbo wa taifa wa Marekani, nami nikazomea nikiwa sebuleni kwangu. Kaka akakata simu. Baadaye niliandika maoni yangu kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, kuhusu ushuru, kuhusu uchaguzi, na kuhusu The Apprentice, filamu ya maisha ya Donald Trump alipokuwa kijana, ambayo yeye alisema inachosha, kisha nikamalizia kwamba waliokula kiapo kule wameuza utu wao. Tangu siku ile hanijibu. Mume wangu anasema niombe radhi, mimi nasema maoni ni haki yangu. Wifi aliniambia pia kwamba mtoto wao wa miaka tisa alikuwa karibu na simu na akauliza, 'Shangazi anatuzomea sisi?' Lakini hayo ni mambo ya watoto. Je, ninyamaze ili nipate amani?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye sentensi ile ya mtoto, ambayo wewe umeipitia mbio kana kwamba haimo. Nitairudia, lakini kwanza nikujibu ulichouliza.

Hapana, usinyamaze. Hasira uliyokuwa nayo majira yale ilikuwa na sababu. Rais Trump alikuwa akirudia kusema kwamba Kanada iwe jimbo la 51 la Marekani, ushuru wa asilimia 25 ulikuwa umetangazwa juu ya bidhaa za Kanada, na Waziri Mkuu Trudeau alikuwa ameshatangaza tangu tarehe 6 Januari kwamba angejiuzulu. Mwezi Machi, ushuru ulipoanza kutozwa, majimbo kadhaa ya Kanada yaliondoa pombe za Kimarekani kwenye rafu za maduka yao, na chama cha Trudeau, Liberal, ambacho mwanzoni mwa mwaka kilikuwa nyuma sana katika kura za maoni, kilishinda uchaguzi wa tarehe 28 Aprili kikiongozwa na Mark Carney. Mtu aliyeishi katikati ya mambo hayo asiwe na neno la kusema angekuwa hajali nchi anayokaa. Nami sikuoni kuwa ulikosa kwa kuwa na msimamo.

Kuhusu filamu, nitakupa na mimi maoni yangu, kwa kuwa nimeitazama. Jeremy Strong, aliyeigiza Roy Cohn, wakili wa Trump, alinishika tangu dakika za mwanzo, na Sebastian Stan, aliyemwigiza Trump, alistahili kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar sawa na mwenzake. Nusu ya pili, hata hivyo, naona inakimbia. Miaka inapita haraka kiasi kwamba huoni tena mtu akibadilika, unaambiwa tu kwamba amebadilika. Kwa hiyo kaka yako anaposema inachosha, mimi simwelewi, lakini simwoni mwoga. Wewe uliifanya filamu hiyo kuwa mtihani wa uaminifu, ukamsahihishia kaka yako na kumpa sifuri mbele ya ukoo mzima. Filamu ilitoka Marekani mwezi Oktoba 2024, wiki chache kabla ya uchaguzi wao wa rais, na nadhani kelele za majira yale bado zilikuwa masikioni mwako ulipokuwa ukiandika.

Sasa kuna jambo moja ambalo limenishangaza. Katika barua yako yote hukuniambia kaka yako alimpigia nani kura. Umeniambia anavaa sare gani, anaondoka saa ngapi, anaonaje filamu, lakini hilo hukulitaja, nami nadhani hukulitaja kwa sababu hulijui. Hukuwahi kumuuliza. Kiapo cha uraia kinampa mtu haki ya kuomba pasipoti na ya kupiga kura, na kwa mlinzi wa usiku mwenye mtoto, kinampa pia usingizi wa kutohofia hati zake za ukaazi. Wewe ulikisoma kama tamko la kumuunga mkono rais. Ukamhukumu mtu mzima, mkubwa wako kwa kuzaliwa, kwa kura ambayo huenda hakuipiga. Hapo ndipo mume wako anaposema kweli. Maneno kuhusu ushuru ni maoni, maneno kuhusu filamu ni maoni, lakini "wameuza utu wao" lilikuwa tusi lenye mlengwa mmoja, na kila aliyekuwa kwenye kikundi kile alimjua mlengwa ni nani.

Kwa kuwa nyote wawili mnaupenda mchezo huu, turudi Montreal usiku ule. Unakumbuka kwamba ndani ya sekunde tisa za mwanzo wachezaji walivua glavu na kupigana mara tatu. Katika pambano la pili, Brady Tkachuk wa Marekani alikabiliana na Sam Bennett wa Kanada. Brady huyo ndiye nahodha wa timu ya Ottawa, mji mkuu wa nchi unayoishi. Kaka yake, Matthew, aliyeanzisha pambano la kwanza akiwa na jezi ya Marekani, huchezea Florida Panthers katika timu moja na Bennett huyohuyo. Miezi minne baadaye, mwezi Juni, Matthew na Bennett walinyanyua pamoja Kombe la Stanley, taji la ligi ya hoki ya Amerika Kaskazini, baada ya kuifunga Edmonton katika mechi sita, na Bennett, Mkanada, akatajwa kuwa mchezaji bora wa hatua ya mtoano. Nawe mwenyewe, kama unaishabikia Toronto au la sijui, unafahamu kwamba nahodha wa Toronto, Auston Matthews, ndiye aliyekuwa nahodha wa Marekani katika mashindano yale.

Ninayataja haya kwa sababu watu hao walipigana kwa ngumi za kweli, wakakaa dakika zao tano kwenye kibanda cha adhabu, kisha Matthew na Bennett wakaweza kurudi chumba kimoja cha kuvalia. Waliweza kwa kuwa hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba jezi yake imemwondolea utu.

Basi nakushauri hivi. Sentensi ile moja iondoe palepale ulipoiandika, kwenye kikundi, mbele ya wale walioisoma. Usiombe radhi ya jumla ya "kama kuna niliyemkwaza," kwa maana unamjua uliyemkwaza. Mtaje kwa heshima yake, sema kwamba neno lile halikuwa la haki kwake, na usiongeze maelezo juu ya ushuru hata kidogo. Mengine yote uliyoandika yaache yalivyo. Akikujibu, muulize unachopaswa kuwa ulimuuliza zamani, maisha yakoje huko kwake sasa, halafu umsikilize mpaka amalize. Asipojibu wiki ya kwanza, usimtumie mtu wa tatu kumsukuma.

Kuhusu yule mtoto. Ana miaka tisa, na sauti ya shangazi yake ilitoka kwenye simu ikiwazomea watu wa nchi aliyomo, usiku ambao babake alikuwa amekaa naye ameshavaa sare. Hakuuliza habari za siasa. Aliuliza kama yeye yumo miongoni mwa wanaozomewa, na mpaka leo aliyeulizwa hajamjibu. Jibu hilo haliwezi kutolewa na wifi yako, wala na babake, na halingojei kaka yako akusamehe kwanza. Mwombe wifi ruhusa, umpigie mtoto Jumamosi, mapema, kabla timu hazijaingia kwenye barafu na kabla wimbo wowote haujapigwa, umwambie kwamba hukuwa ukimzomea yeye wala babake, kisha umuulize leo anaishangilia timu gani.