Pleya yako nzima, huyo ni kibete

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Marehemu babangu alituachia santuri kadhaa, moja ni ya yule mwimbaji Mwingereza David Bowie, "The Laughing Gnome", yaani kibete anayecheka, ile ndogo ya spidi 45. Nikiipiga kuna sauti inatoka nyembamba kama mbu. Nikishusha spidi mpaka 33 mbu anakuwa mtu, lakini sasa mwimbaji mwenyewe anakuwa kama mlevi wa saa nane usiku. Pleya ni ya mtumba, niko hapa Majengo. Mota imekufa ama?

JIBU: Waaleikum salaam kakangu. Nimecheka wallahi, manake jibu umelitoa mwenyewe. Pleya ikikimbia inakimbia na kila kitu, haiwezi kumharakisha mmoja ikamwacha mwenzake, kwa hivyo kama kwa 45 Bowie anasikika mtu wa kawaida na ni yule kibete tu anayelia kama mbu basi hiyo sauti imo ndani ya santuri, imechongwa hivyo.

Walifanyaje? Enzi hizo ni tepu. Unarekodi muziki spidi ya kawaida, halafu unapunguza mwendo wa tepu, muziki unakuwa mzito na wa polepole, mtu anaimba juu yake hivyo hivyo polepole, ukirudisha tepu mwendo wake muziki unakaa sawa ila sauti yake yeye inapaa. Ukiimba tepu ikiwa nusu ya mwendo, sauti inapanda oktavu nzima, yaani kutoka do ya chini mpaka do ya juu yake. Sio kama voisi za WhatsApp, zile ukiziharakisha sauti inabaki ile ile kwa sababu programu inazikatakata, tepu haina ujanja huo. Vibete ni Bowie mwenyewe na injinia wake Gus Dudgeon, huyu huyu aliyekuja kutengeneza wimbo wa Bowie "Space Oddity" 1969.

Wimbo wenyewe, nikwambie ukweli, ni mzaha mtupu. Ulitoka 1967 kwa lebo ya Deram na haukununulika. Bowie alipokwisha kuwa nyota wakautoa tena 1973, ukapanda mpaka namba 6 Uingereza, sijui yeye alifurahi ama aliona haya.

Lakini pleya ya mtumba ipime tu. Bandika kikaratasi ukingoni mwa santuri, washa saa ya simu, hesabu kikaratasi kinapita mara ngapi kwa dakika moja. Inatakiwa iwe 45. Ukipata 37 au 38 hivi, tazama nyuma kama imeandikwa 60Hz peke yake, yaani stima inayopiga mara 60 kwa sekunde, hiyo ilitengenezewa Marekani na stima yetu ni 50Hz, zile mota zinazofuata stima zinapungua kwa kipimo hicho hicho, wala usimlaumu fundi. Ikiwa hesabu inabadilika badilika, mara 43 mara 45, fungua uangalie ule mpira wa kuzungushia, joto la huku Pwani linaulegeza. Mpya sio ghali, ila pima mzunguko wa ule wa zamani kwa uzi kabla hujaenda dukani.

Na ukija kuiingiza kwa kompyuta usimguse kibete, nawajua nyinyi, mtaona programu ina kitufe cha kufanya sauti iwe nzito mkamshusha, halafu Bowie anarudi kuwa mlevi.