Mume Wangu Anasema Ulevi Wake Umeandikwa

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, shekhe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naanika dagaa huku Kayenze, Mwanza. Mume wangu ni mvuvi. Mwezi ukiwa mkubwa hawaingii ziwani, na siku hizo hela yote inaishia kwenye gongo. Akilewa ananipiga mbele ya watoto. Nikimwambia aache, ananijibu: "Mungu aliandika kabla sijazaliwa kwamba nitakuwa mlevi. Kagombane na aliyeandika." Sasa ameanza kunifundisha kwamba na kipigo nimeandikiwa, nisubiri tu. Je, ni kweli? Na kama Allah hapendi dhambi, kwa nini ameiacha iwepo?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake.

Binti yangu, swali lako limeniuma. Habari ya qadar, yaani makadirio ya Allah yaliyoandikwa tangu zamani, kwa kawaida huletwa na vijana wanaobishana barazani baada ya Isha. Wewe umeileta ukiwa na alama za kipigo mwilini. Kwa hiyo natanguliza lisilohitaji kusubiri: mumeo amemsingizia Mwenyezi Mungu. Kunywa kwake ni haramu na kukupiga ni dhulma. Tunaamini sote kwamba kheri na shari zimekadiriwa, hilo halina ubishi baina yetu. Ubishi ni juu ya mtu anayeichukua imani hiyo akajifichia humo na dhambi yake.

Hoja yake si mpya. Washirikina wa Makka waliitoa, na Allah ameinukuu katika Surat Al-An'am, aya ya 148: lau Allah angetaka, tusingelishirikisha sisi wala baba zetu. Wakajibiwa kwa swali: je, mnayo elimu yoyote mtutolee? Na mumeo aulizwe hivyo hivyo. Jioni ile kabla hajaingia kilabuni, nani alimsomea yaliyomo katika Lawhul Mahfudh, ubao uliohifadhiwa ambamo yote yameandikwa? Hakuna. Alichokuwa anakijua jioni ile ni kwamba kitu kile ni haramu, na kwamba miguu yake ingeweza kumpeleka nyumbani. Akachagua, akanywa, kisha ndipo akakumbuka kuwa kuna maandishi. Mtu hawezi kutoa kisingizio kwa jambo ambalo hakulijua wakati anatenda.

Tena mtazame akiwa kazini. Anazihesabu siku za giza, anashona nyavu, anachaji taa, anahakikisha petroli ipo kabla jua halijazama. Hajawahi kulala akisema kama dagaa wameandikwa watakuja wenyewe mwaloni. Na siku mmoja wa wavuvi wenzake akiuza petroli ya mtumbwi kwa siri, akakamatwa, akasema "nimeandikiwa kuiba", je, mumeo atamwambia nenda kwa amani? Atadai fidia, na atakuwa na haki. Basi anajua vizuri kabisa kwamba binadamu anachagua. Anajisahaulisha pale tu yanapomgusa matamanio yake mwenyewe.

Walikuwapo waliolifanya jambo hili kuwa madhehebu. Jahm bin Safwan, aliyeuawa mwaka 128 Hijria, alifundisha kwamba mja hana kitendo chochote kwa hakika, ni kama mti unaotikiswa na upepo. Wanazuoni wakamkataa vikali, kwa sababu kauli yake inamfanya Mola kuwa anamwadhibu mtu kwa jambo asiloliweza, na Yeye amesema haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Upande wa pili alitokea Ma'bad al-Juhani kule Basra, akasema hakuna qadar, mambo yanaanza yanapotokea. Yahya bin Ya'mar alipompelekea sahaba Abdullah bin Umar habari hizo, Ibn Umar alijitenga nao waziwazi, na kisa hicho kimo mwanzoni mwa Kitabu cha Imani katika mkusanyo wa hadithi wa Sahihi Muslim. Nayataja haya kwa kuwa siku hizi wapo wanaoikimbia hoja ya walevi wakaangukia kwa Ma'bad, wakasema Allah hahusiki na matendo yetu. Nao wamekosea. Surat At-Takwir inafunga kwa yote mawili: kwa anayetaka miongoni mwenu kunyooka, na hamtaki ila atake Allah. Mja ana kutaka kwake kwa kweli, na kutaka huko hakutoki nje ya ufalme wa Mola wake. Allah kujua utakachochagua hakukulazimishi kukichagua.

Masahaba waliuliza swali hili hili. Ali (r.a.) anasimulia kwamba walikuwa kwenye mazishi Baqi', makaburi ya Madina, Mtume (s.a.w.) akiwa na fimbo anachorachora ardhi, akawaambia kila mmoja makazi yake yameshaandikwa, Peponi au Motoni. Wakasema: basi si tutegemee maandishi yetu tuache kutenda? Akajibu: tendeni, kila mmoja amerahisishiwa lile aliloumbiwa. Wameipokea Bukhari na Muslim. Sikiliza neno la kwanza la jibu lake: tendeni.

Huenda mumeo, au anayemfundisha, akaleta hadithi ya Adam na Musa, kwamba Adam alimshinda Musa kwa hoja ya qadar. Hadithi ni sahihi. Ila Musa alikuwa anamlaumu kwa msiba wa kutolewa Peponi, na Adam alikuwa ameshatubia zamani. Siku alipokosa hakusema imeandikwa. Yeye na mkewe walisema, kama ilivyo katika Al-A'raf aya ya 23: Mola wetu, tumezidhulumu nafsi zetu. Aliyesema "kwa kuwa umenipotosha" ni Iblis, katika sura hiyo hiyo, aya ya 16. Mumeo ajitazame anatumia maneno ya nani kati ya wawili hao.

Sisi watu wa ziwa tungepaswa kulielewa hili kuliko wengine. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, watu kwa mamia walifariki, na wengi wamezikwa pale Igoma. Mama aliyepoteza mwanawe akisema "qadarullah" amesema neno la imani, na linampoza. Lakini mtu anayejaza abiria kupita kiasi kwenye chombo akijua, hana haki ya kulitamka neno lile lile kujitetea. Msiba ni mmoja, na midomo hiyo miwili haiko sawa. Qadar ni faraja kwa lililokupata. Kwa ulilolitenda, una toba.

Sasa, kwa nini dhambi ipo? Allah ana viumbe wasiomuasi kabisa, nao ni malaika. Walipoambiwa kuhusu binadamu waliuliza swali linalofanana na lako: utamweka ardhini atakayefanya uharibifu na kumwaga damu? Akasema: Mimi najua msiyoyajua. Alitaka kiumbe anayeweza kuasi na bado akatii, kwa sababu utiifu wa asiyeweza kuasi hauna mtihani ndani yake. Mkono wa mumeo unaoweza kupiga ndio huo huo unaoweza kuwalisha watoto, na asingekuwa na uwezo wa la kwanza, hili la pili lisingekuwa na thawabu. Kisha kuna mlango ambao malaika hawaujui, wa mja kukosa akarudi. Katika Sahihi Muslim Mtume anasema lau msingefanya dhambi, Allah angewaondoa akaleta watu wanaokosa na kumwomba msamaha, naye akawasamehe. Hadithi hii hairuhusu dhambi, inamfungulia njia aliyekwisha kuanguka. Na kuiacha iwepo si kuiridhia: Surat Az-Zumar, aya ya 7, inasema haridhii ukafiri kwa waja wake.

Najua atasema pombe imeshamshika. Inawezekana ni kweli, ulevi wa miaka unaudhoofisha utashi. Basi na atafute tiba hospitalini kwa wanaoshughulikia afya ya akili, kwa sababu uwezo wa kwenda kutibiwa bado anao.

Nibaki na wewe sasa. Umeambiwa usubiri kipigo. Mwaka wa 18 Hijria Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa njiani kwenda Sham, nchi ya Shamu, alipofika mahali paitwapo Sargh akasikia kuna tauni huko aendako, akaamua kurudi. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia qadar ya Allah? Umar akasema: naam, tunaikimbia qadar ya Allah kuelekea qadar ya Allah. Ukiondoka kwenye nyumba unayopigwa, umefanya alilofanya Umar. Kipigo kimekadiriwa, na mlango wa kutokea umekadiriwa pia, na wewe umeamrishwa kuilinda nafsi yako. Anayemwambia mke aliyejeruhiwa "subiri tu" na hasemi neno kwa mpigaji, awe shekhe au mzee wa ukoo, ameshiriki dhulma. Bibi Aisha (r.a.) amesema Mtume hakuwahi kumpiga mwanamke wala mtumishi.

Kwa hiyo akilewa usibaki naye ndani. Nenda kwa wazazi wako au kwa jirani unayemwamini, pamoja na watoto. Nenda polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo imekataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Shauri lako lipeleke kwa kadhi kupitia BAKWATA wilayani, na ukitaka ndoa ivunjwe kwa madhara, hiyo ni haki yako kisharia, si uasi. Hela ya dagaa unaoanika ni yako, hana ruhusa ya kuigusa kwa gongo.

Akija na toba, mlango wake uko wazi kwa Mola wake. Kwako aje na wazee wa pande zote mbili, akiwa ameanza matibabu, na usirudi kwa ahadi ya usiku mmoja.

Na watoto wako wamemsikia baba yao akisema Mungu ndiye aliyetaka mama apigwe. Kaa nao, hasa mkubwa, uwaambie kwa mdomo wako kwamba Allah amekataza alichokifanya baba yao, na kwamba baba anaweza kuacha.

Wallahu a'lam.